Mayu na Tuzo ya Mwovu Bora

Niseme mapema, ili msomaji asinisubiri nifike kwenye sifa: ile sherehe ya tuzo za filamu na tamthilia inayofanyika kila mwaka hapa kwetu Geita ni upuuzi uliovaa suti. Na sisemi kwa wivu. Mimi ndiye niliyeipenda kuliko watu wote. Nikiwa msichana mdogo nilitandika kanga ya mama uani, nikatembea juu yake nikipunga mkono, na kuku walikuwa waandishi wa habari. Mpaka leo nikiona zulia jekundu kwenye televisheni moyo unanidunda. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yametoka kwa mtu aliyependa, akaenda, akaona.

Nina saluni Kalangalala. Chumba kimoja, vioo viwili, na feni inayozunguka pale inapojisikia. Nasuka, naosha, nabandika kope. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kuota sijaacha, na ndiyo maana nilijiunga na kikundi cha filamu. Mkubwa wetu anauza makava ya simu karibu na stendi. Tunamwita Dairekta kwa sababu kamera ni yake. Mimi ni mpambaji. Nikikupaka mkaa na unga wa muhogo usoni, mama yako mzazi atakuamkia shikamoo. Filamu zetu zinauzwa kwenye memori kadi na kuonyeshwa kwenye vibanda umiza vya video, wachimbaji wakitoka mashimoni wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

Mayu alikuja saluni kusuka. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na baadaye kikundi kizima tulimwita hivyo. Alikuwa bibi wa kijiji kimoja upande wa kwenda Ushirombo, amekuja mjini kumwona binti yake aliyejifungua. Nikiwa namsuka alinisimulia jinsi mkwe wake alivyokosea mlango usiku wa ngoma, na alivyosimulia alikuwa mkwe, akawa mlango, akawa mbwa aliyebweka. Dairekta, aliyekuwa amekuja kuchaji simu, alisahau simu yake.

"Mayu," alimwambia, "shikamoo. Umewahi kuigiza?"

"Marahaba. Nimewahi kuolewa," Mayu alijibu. "Si ndiyo hiyo hiyo?"

Tukampa nafasi za mama mkwe. Halafu Dairekta akaandika filamu ya mchawi, na hakuna aliyeuliza nani atacheza. Mayu ana macho mekundu. Yamekuwa mekundu tangu akiwa mama kijana, kwa kupikia mabua ya pamba na samadi kavu kwenye jiko lisilo na dirisha, kama wanawake wengi wa kwetu ambako miti imekwisha. Nilimchora makunyanzi juu ya makunyanzi, tukampa kibuyu chenye uji wa ulezi, na Dairekta akamwambia, "Sasa Mayu, cheka kama mtu aliyetoka kumzika adui yake." Mayu akacheka. Dairekta alirudi nyuma na kamera yake mpaka akakanyaga ndani ya ndoo.

Kile kicheko kilifanya filamu iuzike. Kwenye vibanda umiza nimeona wanaume wanaoteremka chini ya ardhi kwa kamba bila kujali wakijiziba macho kwa viganja.

Shida ni kwamba filamu haikuishia mjini. Ilipita simu kwa simu ikafika kijijini kwa Mayu. Kwanza watoto wakaanza kukimbia wakimwona. Mayu alicheka tu, akaona ni utoto. Halafu akifika bombani, wanawake wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Halafu jirani yake, mama waliyepakana naye uzio wa minyaa miaka na miaka, alifiwa na ndama, akasema mbele za watu, "Mnaona? Anachofanya kwenye simu ndicho anachofanya uani." Wao ni Wakatoliki, na sala za jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba kila wiki. Ilipofika zamu ya Mayu, nyumba yake ikarukwa. Alikuwa ameshafagia na kuazima viti.

Huku kwetu hayo si mambo ya mzaha. Wako mabibi walioanza kusemwa hivyo hivyo, kidogo kidogo, kwa sababu ya macho tu, na mwisho wakakatwa mapanga ndani ya nyumba zao. Mayu alijua. Binti yake alijua. Na mimi niliyemchora ule uso nilijua, nikawa nalala vibaya.

Basi katikati ya hofu hiyo jina la Mayu likatoka kwenye orodha ya wanaowania tuzo, kipengele cha Mwovu Bora wa Mwaka. Nilimpigia nikidhani nampa habari ya vigelegele. Aliuliza jambo moja tu.

"Itaonyeshwa kwenye televisheni siku hiyo hiyo, watu wakiwa wanaangalia?"

"Ndiyo, Mayu. Laivu."

"Basi Mungu amesikia. Nikishinda nitasema pale pale kwa mdomo wangu. Nikisema bombani wanaona najitetea. Nikisema kwenye televisheni, mbele ya wakubwa, watajua ile ni kazi."

Hicho tu ndicho alichotaka. Sikumsikia akiulizia zawadi, wala gauni, wala nani atakuwepo. Alimwomba mwenyekiti wa jumuiya awakusanye watu kwenye duka lenye televisheni siku ya sherehe, na mwenyekiti, ambaye ana huruma, akakubali.

Alikuja mjini mapema tukafanya mazoezi saluni. Chupa ya losheni ilikuwa maikrofoni.

"Ndugu zangu wa nyumbani," alisema akiwa amesimama wima kama anasoma somo kanisani, "mimi ni bibi wa wajukuu. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya, mnanijua. Yule mnayemwona kwenye filamu hayupo duniani. Dawa ya kibuyuni ni uji wa ulezi, na ule uso umechorwa na mtoto wa saluni kwa mkaa."

"Ongeza, asanteni majaji."

"Hao majaji wamenifanyia nini?"

"Ni adabu tu, Mayu."

"Haya. Asanteni majaji, mnisamehe kwa kuwatisha."

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa kwenye kikaushio akaniambia nimwonyeshe na yeye kinachochekesha.

Sasa tuje kwenye hiyo sherehe tukufu. Kadi ilisema mchana, tufike bila kuchelewa. Tulifika. Tukakaa nje ya ukumbi kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa bado anakula. Zulia jekundu lilikuwa limetandazwa juu ya vumbi tupu, na upepo wa Geita hauna adabu kwa zulia la mtu. Baada ya muda mfupi lilikuwa na rangi ya barabara. Wakamleta msichana wa kulifagia, na kila alipofagia, vumbi lilihamia kwenye nywele za wageni waliokuwa wanapigwa picha. Nywele nyingine nilizisuka mimi. Niliumia.

Nyuma ya zulia lilisimama bango la wadhamini. Muuza magodoro. Muuza mashine za kusaga mawe. Na katikati, uso mkubwa kuliko zote, mganga mmoja anayejiita daktari, mwenye meno mapya, ambaye kazi yake ni kuwaambia watu ng'ombe wao wameuawa na jirani gani. Huyo ndiye aliyekaa meza ya mbele kabisa, na chupa za maji za peke yake. Sisi wasanii tulikaa nyuma ya spika.

Tuzo zenyewe zilipangwa mezani zikimeremeta. Plastiki iliyopuliziwa rangi ya dhahabu. Hapa! Katika mji ambao mtoto akiokota jiwe njiani analilamba kwanza aone linavyong'aa! Mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyekaa karibu yangu alizitazama mara moja tu, akarudi kwenye simu yake.

"Hiyo ni rangi ya geti," alisema.

Filamu Bora ilichukuliwa na filamu ambayo haijatoka. Walionyesha vipande vyake, watu wakapiga makofi, na mwenye filamu akasema Mungu akipenda wataanza kuirekodi baada ya mvua. Kituo cha televisheni kilichokuwa kinarusha matangazo kilijipa tuzo ya kituo bora, mkurugenzi wake akapanda kuipokea kutoka kwa mtangazaji wake, wakakumbatiana kama watu waliopoteana vitani. Mwigizaji Bora wa Kiume alikuwa mpwa wa mwenyekiti wa kamati. Aliigiza maiti. Na hata hapo, wenye macho tulimwona akipumua.

Kila mshindi alimshukuru mgeni rasmi. Mgeni rasmi, nina hakika, hakuwahi kuangalia filamu yetu hata moja, maana alipokaribishwa kusema alitusihi tuache kuiga za nje, kisha akatupa mfano wa filamu ya nje.

Nilikuwa nacheka bado. Nawaambieni ukweli, mimi ni mtu wa kucheka. Niliona ni mchezo wa kuigiza mbaya, basi, ila mwisho wake utakuwa Mayu amesimama pale juu akisema maneno yake, na kijiji kizima kinamsikia. Kwa hilo ningewasamehe hata rangi ya geti.

Wakafika kwenye Mwovu Bora. Hawakuonyesha sehemu ile ya mwisho anapolia na kuomba msamaha, ambayo ndiyo aliyoigiza vizuri kuliko zote. Walionyesha kibuyu, macho, na kicheko. Basi. Bila jina la filamu, bila neno lolote.

"Wenye watoto wachanga wafunikeni!" mshereheshaji alipiga kelele. "Mshindi ni Bibi Mchawi!"

Mayu alipanda. Alikuwa amevaa kitenge cha jumuiya, kile cha picha ya Bikira Maria, makusudi, ili wa nyumbani wakione. Mgeni rasmi akampa tuzo, akapeana naye mkono kwa ncha za vidole, wakapigwa picha. Mayu akaishika maikrofoni kama tulivyofanya na chupa ya losheni.

"Ndugu zangu wa nyumbani," alianza, "mimi ni..."

Mshereheshaji akaichukua ile maikrofoni mkononi mwake. Hakuinyang'anya kwa ubaya, aliichukua tu kama unavyomwondolea mtoto kikombe.

"Bibi, hotuba baadaye! Kwanza tupe kile kicheko! Mnakitaka hamkitaki?"

"Tunakitaka!"

"Mwanangu, mimi nilitaka kusema..."

"Kicheko! Kicheko! Kicheko!"

Ukumbi mzima ukaanza kupiga meza. Mganga aliinuka na meno yake akapaza sauti, "Nileteeni mimi huyo nimtoe uchawi!" na watu wakaanguka kwa vicheko. Mayu alinitafuta kwa macho. Nilitikisa kichwa, nikapunga mikono yote miwili, nikasimama juu ya kiti, na mnunuzi wa dhahabu akanivuta gauni akisema namziba. Mayu akawaangalia wale watu wazima waliokuwa wanampigia meza. Akacheka.

Alicheka vizuri kuliko kwenye filamu. Kisha muziki ukapigwa, msichana mwenye utepe begani akamshika mkono, akamteremsha kwa ngazi za upande wa pili.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, karibu na masufuria ya pilau.

"Watanipa tena kile chombo?" aliniuliza.

"Hapana, Mayu. Kwa nini ulicheka?"

"Watu wameniomba mbele ya mgeni. Ningewanyima nini mimi?"

Nilimfuata mjumbe wa kamati, kijana mwenye kitambulisho kikubwa shingoni. Nikamwambia kaka, yule bibi hajasema maneno yake, na maneno yale yana uzito, nyumbani kwake wanamwita mchawi kweli.

"Dada angu," alisema huku akiangalia simu, "mbona ndiyo amebamba kuliko wote? Angalia, watu wanavyosambaza!"

Akanionyesha. Kilikuwa kile kicheko peke yake. Mayu mwenyewe hakuwa na jina. Niliporudi, viganja vyake vilikuwa vimepakaa rangi ya dhahabu, na tuzo ilikuwa imebaki na mabaka meupe pale alipoishika.

Kabla hatujatoka, binti yake, aliyekuwa amekwenda kijijini kutazama sherehe na wale wa dukani, akapiga simu. Alikuwa analia. "Mama asirudi leo." Pale dukani watu walikuwa wamejaa, wakatazama. Mayu alipocheka, wengine walitoka nje. Na jirani yake akasema maneno ambayo yalikwishazunguka kijiji, "Mlikuwa mnaniona mwongo. Haya, sasa serikali yenyewe imempa kikombe cha uchawi. Mkubwa kamshika mkono, tumeona wote."

Msomaji anaweza kuwacheka wale watu wa dukani. Mimi siwacheki. Walikaa pale wakisubiri kuambiwa, kama walivyoahidiwa. Waliambiwa walichoambiwa. Dharau yangu yote nimewawekea wale wenye suti, waliokuwa na ukumbi, na taa, na maikrofoni, na bibi aliyehitaji dakika moja tu, wakaona bora kicheko.

Mayu alilala kwangu. Asubuhi alifagia saluni kabla sijaamka, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaangalia barabara. Akakaa hivyo siku kadhaa. Alisema labda ataishi mjini tu, atauza mboga. Alisema kwa sauti ya furaha, na ndipo nilipojua ameumia kiasi gani, maana Mayu anaigiza vizuri.

Nikaenda kwa Dairekta. "Twende kijijini kwake."

"Tukawaonyeshe filamu nyingine?"

"Wameona za kutosha. Tukaitengeneze mbele yao."

Dairekta akafunga biashara, akabeba kamera, nami nikabeba mkoba wa vipodozi, mkaa, na unga, na Mayu akakubali kuja nasi. Tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaamkia, tukaomba ruhusa. Alikuna kichwa. Alisema tufanyie uwanjani, mchana kweupe, na yeye mwenyewe atakuwepo. Mwenyekiti wa jumuiya naye akaja na kiti chake.

Watu walisimama mbali. Nilikoroga uji wa ulezi pale pale, nikaunywa, nikawapa watoto waliothubutu, na walipothubutu wawili wakathubutu wote. Kisha nikamketisha Mayu kwenye kigoda, nikaanza kumchora polepole, nikieleza kila ninachofanya kama ninavyomweleza mwanafunzi wa saluni. Watu wakasogea. Mzee mmoja alitaka kuushika mkaa aone kama ni mkaa. Mayu akakumbatia kibuyu, Dairekta akasema haya, na Mayu akaanza kunyata kuzunguka kijiti tulichokiita nyumba.

Jirani alikuwa amesimama na mikono kifuani. Hakusogea, lakini hakuondoka pia. Nilimwona anavyovumilia, midomo ikicheza. Mwishowe akashindwa.

"Aa, si hivyo!" alisema. "Mchawi hashiki kibuyu mbele kama analeta togwa msibani. Anakificha nyuma!"

"Basi njoo utuonyeshe, mama," Dairekta alimwambia.

Sijui kilichompata. Labda kamera ina uchawi wake. Alivuka uwanja, akachukua kibuyu, akakificha mgongoni, akainama, akanyata, akageuza shingo taratibu kuangalia kama anafuatwa. Alinyata vizuri mno. Watoto wakapiga yowe la furaha.

Ndipo mwanaume mmoja nyuma akasema, "Ebo! Kumbe wewe ndiye unajua wanavyofanya!"

Watu wakacheka. Kisha kile kicheko kikapungua, kikapungua, kikaisha, na hakuna aliyekuwa anacheka. Walikuwa wanamtazama. Jirani alibaki ameinama na kibuyu mgongoni, uso wake umebadilika. Alikuwa amesikia neno lile likimgeukia. Alifungua mdomo, na nadhani alijua, kama Mayu alivyojua bombani, kwamba chochote atakachosema kitakuwa kujitetea.

Mayu angeweza kunyamaza. Mimi, Mungu anisamehe, kwa nusu dakika nilitamani anyamaze.

Aliinuka kutoka kwenye kigoda chake na uso wangu wa mkaa, akamwendea, akamshika mkono wenye kibuyu.

"Nyie mnamwangalia nini?" aliwaambia watu. "Anaigiza huyu. Mmemwambia aigize, ameigiza. Ameona wapi mchawi? Ameona kwenye simu, kama nyie." Akamgeukia jirani. "Unanyata vizuri, jirani yangu, ila unapanua mdomo. Ufunge. Rudia."

Mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyeanza kupiga makofi, kisha wengine. Jirani alirudia. Alikuwa mbovu sana safari hii, alitazama kamera moja kwa moja, akatabasamu, akajikwaa kwenye kijiti kilichokuwa nyumba. Baada yake wakaja wengine wakitaka kuchorwa, hata yule mwanaume aliyesema neno, na mkaa ukaniishia. Ile filamu haina kichwa wala miguu. Haitapata tuzo popote, nashukuru.

Sisemi kwamba mambo yote yalikwisha siku ile. Wapo waliobaki mbali, na wapo watakaobaki mbali. Lakini jua lilipoanza kulala, tukiwa tunafunga mizigo, jirani alipita pengo la minyaa akiwa na kigae cha chungu cha kubebea makaa mkononi. Huku kwetu nyumba inayoshukiwa haiombwi moto. Afadhali mtu alale na njaa. Alisimama mlangoni pa jiko, hakuingia.

"Hodi. Moto wangu umezimika," alisema.

"Karibu," Mayu alimjibu, usoni bado ana mkaa wangu. "Ingia uchague mwenyewe."

Akaingia.